Koti la mbuzi: shajara ya kuvisha chembe nano utando wa damu, Kisumu

2 Machi

Naanza hii shajara kwa sababu supavaiza amesema daftari langu la maabara halisomeki, na hajakosea, kuna kurasa mbili zimekunywa chai. Hapa nitaandika vile mambo yanaenda, hata yakienda kombo.

Mradi ni huu. Kuna plastiki inaitwa PLGA, jamaa wa karibu wa zile nyuzi za kushonea vidonda ambazo zinaisha zenyewe mwilini, ukiilowesha muda mrefu inavunjika inakuwa asidi mbili ambazo mwili unajua kuzitupa. Tunatengeneza chembe ndogo za hiyo plastiki, ndogo kiasi kwamba ukipanga 70 hivi kwenye mstari ndio unapata upana wa seli moja nyekundu ya damu ya mtu, halafu tunazivisha utando tulioutoa kwa seli nyekundu zenyewe. Kwa nini tuzivishe? Kwa sababu mwili hauna subira na mgeni. Chembe tupu ukiidunga kwa mshipa, seli walaji za ini na bandama zinaimeza haraka, dawa yako inaishia hapo. Lakini seli nyekundu inazunguka kama siku 120 na hakuna mtu anaisumbua, maana juu yake iko na protini, moja inaitwa CD47, ambayo kazi yake ni kuwaambia walaji huyu ni wa nyumbani, muacheni apite.

Maabara ya Liangfang Zhang kule San Diego, Marekani, mwaka wa 2011 wakaamua badala ya kuiga koti wachukue koti lenyewe. Kwa panya, nusu ya chembe zilizovaa utando iliisha baada ya kama saa 40, zile zilizopakwa PEG, plastiki inayoyeyuka majini ambayo ndiyo ilikuwa rangi ya kila mtu, kama saa 16. 2013 wakarudi na kitu kingine kabisa: hizo chembe hata bila dawa ndani zinafanya kazi ya sponji, sumu ya bakteria ya stafilokokasi inayotoboa seli inaenda kujikwamisha kwa koti la bandia badala ya seli za ukweli. Panya waliopewa sponji kabla ya sumu, 89 kwa mia waliishi. Waliopewa baada ya sumu, 44. Mimi nilisoma hiyo nikiwa kwa matatu ya kutoka Maseno na nikapitisha stegi yangu.

Sisi hatufanyi panya. Hatuna panya. Lengo letu ni dogo, tuone kama hii kitu inaweza kutengenezwa hapa na vyombo tulivyonavyo, na damu ya mbuzi, kwa sababu damu ya mtu inataka kibali na kibali kiko kwa meza ya mtu.

5 Machi

Kichinjioni saa kumi na moja asubuhi, na boda aliyekataa kabisa kubeba damu kwa mapaja yake, ikabidi nibebe mimi. Nimemuelezea mchinjaji nataka nusu lita tu, ya mbuzi mmoja, moja kwa moja kwa chupa yangu kabla iguse chini. Akaniangalia.

“Omera, hiyo damu unapeleka wapi?”

“Maabara, mzee. Tunasoma.”

“Shule gani inasoma damu?”

Mwenzake akadakia kutoka nyuma, huyu ni jajuok, mchawi wa kukimbia usiku, amechoka kukimbia usiku sasa ameajiriwa zamu ya mchana. Wakacheka mpaka mmoja akaketi. Nikacheka pia, ungefanya nini.

Nilifika maabara nikiwa na mutura mbichi. Sitireti, ile chumvi ya kuzuia damu isigande, niliweka ndio, lakini niliiweka kidogo na sikutikisa, damu ikaganda yote chupani, kisu kingeweza kuikata. Kesho tena.

6 Machi

Sitireti ya kutosha, chupa inageuzwa polepole mara kumi damu ikiingia. Sawa. Mchinjaji leo ameitisha ya soda.

12 Machi

Wiki nzima nimekuwa nikitengeneza mizuka. Ndivyo tunaviita, seli iliyotolewa nyama ya ndani ikabaki ngozi. Kuna kitu kizuri kwa hiyo kazi ambacho karatasi za utafiti hazikuambii kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Unaanza kwa kuzungusha damu kwa sentrifuji, seli zinashuka, juu inabaki maji ya manjano na katikati kuna ukanda mwembamba mweupe wa seli nyeupe, huo lazima uunyonye wote na pipeti maana ukiuacha utavisha chembe zako koti la askari badala ya koti la raia. Unaosha seli na maji ya chumvi mara tatu. Halafu unaziweka kwa barafu na kuzimwagia maji yenye chumvi robo tu ya ile ya mwili. Maji yanakimbilia ndani, seli inavimba, inatoboka, hemoglobini inamwagika nje. Ukiangalia tyubu kwa dirisha unaona kabisa: mwanzo ni tope jekundu huwezi kusoma gazeti nyuma yake, halafu ndani ya dakika moja hivi inang'aa, inakuwa kama juisi ya hibiskasi, herufi zinaonekana. Hapo seli zimepasuka. Unazungusha tena kwa kasi, unamwaga wekundu, unaosha, wekundu, unaosha, waridi, unaosha, na ukikaa hapo mpaka jioni unabaki na kitu cheupe chenye waridi kidogo sana chini ya tyubu kama mate ya mtoto. Hicho ndicho koti.

Siku ya kwanza niliona nifanye haraka nikatumia maji matupu yasiyo na chumvi hata kidogo. Utando ukararuka vipande vidogo mno, sentrifuji yetu ikashindwa kuvishusha, nikamwaga koti lote kwa sinki nikidhani ni uchafu.

Na mbuzi ana shida yake ya peke yake. Seli zake nyekundu ni ndogo sana, hazifiki nusu ya upana wa za mtu, na ni dhaifu kwa maji, zinapasuka mapema. Mashine yetu ya kasi inabeba tyubu 24 za mililita moja na nusu. Hesabu mwenyewe nusu lita ya damu ni raundi ngapi. Mzee wa maabara, fundi wetu wa miaka mingi, alipita akanikuta saa mbili usiku akasema nyathina, kwani unaosha damu au unaosha dhambi.

19 Machi

Stima ilipotea usiku ikarudi asubuhi. Mizuka ya wiki iliyopita ilikuwa kwa friji. Nimefungua nikafunga. Sitaandika zaidi.

Kuanzia sasa kila nikimaliza natumia siku iyo hiyo au ndani ya siku tatu, na friji ina termomita ya kukumbuka joto la juu kabisa, ya bei rahisi, nimebandika na selotepu.

28 Machi

Chembe zenyewe zilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Unayeyusha PLGA kwa asetoni, miligramu 10 kwa mililita moja, unadondosha tone kwa tone kwa maji yanayozungushwa. Asetoni inakimbilia maji, plastiki inajikuta haina pa kukaa inajikunja vijipira. Unaacha wazi saa kadhaa asetoni iende zake. Haigeuki maziwa, inakuwa maji yenye ukungu wa samawati, ukiyaweka mbele ya taa yanageuka rangi ya chungwa. Nimemuita kila mtu aje aone, mama wa chai pia. Akauliza hii inaponya malaria? Hapana mama. Sasa inaponya nini? Bado haiponyi kitu. Akaondoka na birika lake.

Hilo swali la malaria nitalipata mpaka nistaafu, na si swali la kijinga, ukiishi kando ya hili ziwa unauliza hivyo. Na liko na mlango: kimelea cha malaria kikitaka kuingia seli nyekundu kinashika vitu juu ya utando, kama glikoforini A, kwa hivyo koti la damu ya mtu linaweza kuwa chambo cha kukidanganya. Lakini la mbuzi silitarajii likidanganye, na mimi niko na mbuzi.

9 Aprili

Kuvisha. Unachanganya vipande vya utando na chembe halafu unausukuma huo mchanganyiko kupitia kichujio cha polikaboneti chenye matundu ya nanomita 200, kati ya sindano mbili za kioo, kwenda na kurudi mara 11. Ukivibana pamoja hivyo utando unafunguka na kujifunga tena, na ukiwa na bahati unajifungia na chembe ndani. Vichujio vitatu vimeraruka leo, kidole gumba kina lengelenge. Utando peke yake lazima kwanza upite 400, usiruke hiyo hatua, nimeiruka kwa niaba yenu.

Jaribio la bure ambalo mtu yeyote anaweza kufanya bila mashine: weka chembe tupu kwa maji ya chumvi ya kiwango cha damu. Chumvi inaua ule msukumano wa chaji unaozitenganisha, zinashikana, baada ya muda unaona unga chini. Chembe zilizovaa zinabaki zimeelea. Nimepanga tyubu mbili kwa dirisha jioni, asubuhi ya kushoto ilikuwa na unga na ya kulia bado samawati. Nilipiga picha nikatumia supavaiza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akajibu na kidole gumba kimoja tu.

17 Aprili

Mashine ya kupima ukubwa hatuna, sampuli zimeenda Nairobi na basi ya usiku kwa kikasha cha barafu, mwenzetu akazipokea stendi. Majibu: chembe tupu wastani nanomita 118, zilizovaa 134. Tofauti ni 16, na utando mmoja ni kama nanomita 8, pande mbili ni 16! Chaji imetoka hasi 41 mpaka hasi 16, karibu na ya utando wenyewe. Jamani.

20 Aprili

Na sponji imefanya kazi. Sumu ya stafilokokasi ni ghali na hatuna ruhusa nayo, nimetumia saponini, ile povu ya mimea inayoshika kolesteroli ya utando na kutoboa seli. Tyubu ya saponini peke yake na seli nyekundu: kila kitu chekundu, hakuna kitu chini. Tyubu ambayo saponini ilikaa kwanza na chembe zangu: kitufe kizuri cha seli chini na maji meupe juu. Tumeenda Dunga tumekula samaki mzima, watu wanne, nimelipa mimi na sijutii, bado.

24 Aprili

Sasa najuta kidogo.

Katika mkutano wa kikundi supavaiza ameuliza swali moja, kwa sauti ya chini kama kawaida yake. “Ule utando peke yake bila chembe, ulijaribu?” Sikuwa nimejaribu. Nimejaribu mchana. Utando mtupu unameza saponini vilevile tu, tena vizuri. Kumaanisha kwamba ule ushindi wa tarehe 20 ungekuwa ushindi hata kama hakuna chembe hata moja iliyovaa kitu, ilitosha mabaki ya utando kuwa yanaelea ndani ya tyubu.

Na zile 16? Ni wastani, akasema. Ukipima watu wa Kibuye urefu, wengine wamevaa viatu virefu wengine wako pekupeku, wastani utapanda hata hivyo, hautajua nani amevaa.

Halafu akanitumia karatasi ya 2021 ya watu wa Ufini, kwa jarida la Nature Communications. Wametengeneza chembe za silika, wakazivisha utando wa seli, wakapima kwa njia ya mng'ao, wakakuta mpaka asilimia 90 ya chembe zimevaa sehemu tu. Koti limeng'oka mgongo. Na hiyo si tofauti ya sura, chembe zilizovaa nusu au zaidi zinaingia seli moja moja, zilizovaa chini ya nusu lazima zijikusanye kwanza. Nimeisoma mara mbili nikiwa nimelala kwa benchi la nje. Kila karatasi niliyosoma kabla yake inachora mduara na mduara mwingine juu yake, safi, kamili, rangi mbili. Na mimi nilichora hivyo hivyo kwa slaidi zangu.

5 Mei

Njia yao ni hii. Unabandika rangi inayong'aa kijani, inaitwa NBD, juu ya chembe kabla ya kuivisha. Halafu unamwaga dithionaiti ya sodiamu, ambayo inaua huo mng'ao ikiugusa lakini haipenyi utando mzima kwa urahisi. Chembe iliyofunikwa yote inaendelea kung'aa, yenye tundu inazima. Unachobaki nacho ndicho ukweli.

Dithionaiti: dukani la kemikali wameniambia wiki sita. Nikamlalamikia mwenzangu wa Kakamega, akasema kwani si hiyo ndiyo haidrosi ya batiki? Kumbe! Shangazi yake anapika rangi za vitambaa, haidrosi na magadi makali, ndiyo inafanya rangi ishike. Tumeenda kwake Jumamosi. Mama ametupimia kijiko tatu kwa chupa ya jemu na kutupa masomo ambayo chupa ya kiwandani isingetupa: usiache mfuniko wazi, ikivuta unyevu inakufa, na ukiichanganya na maji tumia saa hiyo hiyo, usiende kupokea simu. Inanuka yai bovu na kiberiti. Nikamuuliza utajuaje kama imekufa. “Weka kwa rangi. Isipobadilika, mwanangu, hiyo ni chumvi tu.”

Si safi kiasi cha maabara, najua, ni ya mazoezi tu tukisubiri ile ya dukani. Nimeichanganya kwa bafa ya pH 10 dakika moja kabla ya kila kipimo.

13 Mei

Matokeo ya kwanza: baada ya dithionaiti mng'ao umebaki asilimia 91! Tumeshinda Ufini!

Nimekaa na hiyo furaha kama dakika 20. Halafu nikafanya chembe tupu, zisizo na koti lolote. Zimebaki asilimia 88.

Kosa ni langu, niliyeyusha rangi pamoja na PLGA kwa asetoni kwa sababu ni rahisi, kwa hivyo rangi imezikwa ndani ya plastiki, dithionaiti haiwezi kuifikia uvae koti usivae. Ingekuwa sikufanya tupu ningeandika 91 na mtu angeipigia makofi kule Nairobi. Jambo hili limenitisha kuliko lile la friji.

28 Mei

Rangi sasa imefungwa kwa kemia juu ya ngozi ya chembe, mwenzetu wa Nairobi ametugawia kiasi cha kujaza kucha. Na dithionaiti ya dukani imefika. Chembe tupu: mng'ao unashuka mpaka 4 ndani ya dakika mbili, ndivyo inavyotakiwa. Zilizovaa: unashuka mpaka 23 unasimama, mstari unalala kabisa kwa dakika kumi. Nikimwaga Triton, sabuni ya kuvunja utando, unashuka tena mpaka 5. 23 toa 5 ni 18, kwa hivyo karibu chembe moja kwa tano ndiyo imefunikwa yote. Zingine nne ziko na koti la namna fulani, labda mkono mmoja.

Zile zile zilizonipa 118 kwenda 134. Zile zile zilizobaki samawati kwa dirisha.

4 Juni

Nimebadilisha mambo mawili, moja kwa wakati. Kuongeza utando maradufu: kutoka 18 imepanda 22, na mabaki matupu yameongezeka, lazima uyatenganishe kwa sentrifuji, chembe ni nzito zinashuka na mabaki yanabaki juu. Kuweka tyubu kwa bafu ya mawimbi ya sauti dakika mbili kabla ya sindano: 31. Dakika tano: 27, na maji yakapata joto, nadhani joto ndilo limeharibu. Nimerudia ile ya dakika mbili na barafu ndani ya bafu: 34. Bechi iliyofuata 29, damu ilikuwa ya siku mbili.

Saponini nimerudia pia, sasa na chembe zilizotenganishwa na mabaki. Bado zinalinda seli, lakini inataka mara tatu ya kiasi nilichotumia ile siku ya samaki.

6 Juni

Muhtasari wa kazi yetu kwa kongamano unatakiwa Ijumaa. Nimeandika “chembe zilizovishwa utando wa seli nyekundu”. Supavaiza ameurudisha na neno moja ameongeza kwa mkono baada ya “zilizovishwa”: kiasi. Nimeliacha. Kwa mchoro nimefuta ule mduara wa nje nikauchora upya na mapengo, matatu makubwa na vidogo vidogo, imechukua muda mrefu kuliko nilivyodhani kwa sababu programu inataka kuufunga yenyewe.

Mchinjaji amepiga simu, Jumatatu ana mbuzi sita, anauliza jajuok anakuja saa ngapi.